Kondoo wa Bi Sahani

Wengi wakisikia maabara hufikiria hadubini na makoti meupe. Kondoo hawamfikirii. Basi nyuma ya maabara ya hospitali ile, kati ya tangi la maji na ukuta uliopakwa chokaa ukaachwa nusu, palikuwa na banda la mbao, na ndani yake kondoo dume mnene mwenye macho ya dharau, jina lake Mfadhili. Msicheke. Kondoo yule aliitumikia hospitali kuliko baadhi ya watu waliokuwa wakipokea mshahara, na aliyemtunza alikuwa mama mmoja mkali kama pilipili, mtaa mzima ukimwita Bi Sahani.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Alikuwa mtaalamu wa kuotesha bakteria, ila ukimuuliza mwenyewe atakwambia ni mpishi tu, mpishi ambaye wageni wake hawaonekani kwa macho. Alichemsha uji wa mwani, akaupooza kidogo, akautia damu ya kondoo, kisha akaumimina kwenye visahani mpaka ukaganda, mwekundu na laini. Juu yake alipaka usaha, au majimaji ya kidonda, au chochote alicholetewa na mgonjwa, akavitia visahani kwenye kabati la joto, akaenda zake nyumbani. Asubuhi anakuta vijidudu vimeota.

"Kijidudu hakijaandikwa jina usoni," alipenda kusema. "Unakijua kwa ulaji wake."

Na ni kweli. Vipo vinavyokaa juu ya ile damu kwa adabu, havigusi kitu. Hivyo mara nyingi ni vya kawaida, mwili wa kila mtu unavyo. Vipo vingine vinavyoitafuna damu mpaka kila vilipoota panabaki duara angavu, ungeweza kusoma gazeti kupitia hapo. Mama aliyetoka kujifungua akikutwa na duara la namna hiyo, hapo si pa kukaa kitako. Kijidudu hicho huingia kwenye kizazi, kikatoka hapo kikaingia kwenye damu, na kinaua upesi.

Ndiyo maana ya Mfadhili. Duara lile linataka damu ya kondoo. Damu ya binadamu, hasa ile iliyoisha muda wake kwenye benki ya damu, unaweza kuitia na sahani ikapendeza macho, lakini ina mambo yake: ina dawa za kuizuia isigande, ina kinga za yule aliyeitoa, na duara linaweza lisitokee kabisa. Bi Sahani alilijua hilo kama alivyolijua jina la mwanawe. Kwa hiyo kila alipoishiwa sahani alikwenda bandani, akamnyoa Mfadhili kipande cha shingo, akamnong'oneza maneno ambayo hakuwahi kumnong'oneza binadamu, akachota damu kidogo kwenye chupa yenye shanga za kioo. Kisha anaitikisa, anaitikisa, mpaka nyuzi za damu zinajisokota kwenye shanga na iliyobaki haigandi tena. Mfadhili akishamaliza kutoa sadaka alipewa pumba, akala huku akimtazama mama kama anayedai nyongeza.

Ukali wake Bi Sahani ulikuwa dirishani, pale wagonjwa walipoleta vipimo. "Nimesema kohozi, nawe umeniletea mate! Mate yako niyafanyie nini, nibandikie stempu?" Mzee mmoja alileta mkojo kwenye chupa ya manukato, akarudishwa nao mbele ya foleni nzima. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi aliijua, na jibu lake halikupindika. Mwenye duka mmoja mkubwa alimbembeleza amwandikie kikohozi cha kawaida, wateja wasimkimbie, na mama akamjibu, "Jibu ni jibu. Una kifua kikuu. Nenda kameze dawa, uache kunipotezea muda." Wala hakuongea kwa sauti ndogo. Mumewe mwenyewe alikufa kwa homa ambayo kila daktari aliipa jina lake na hakuna aliyeipima, na tangu siku hiyo mama huyu aliapa kwamba yeye hatabahatisha.

Nyumbani alikaa na mwanawe wa pekee, seremala, ambaye ndiye aliyeligonga lile banda la Mfadhili kwa mikono yake, na mkewe. Mkwe huyo alikuwa msichana mwembamba mwenye mdomo usiopumzika. Mama alimbatiza Chiriku, na jina likamganda. Chiriku aliongea akipika, akifua, akisinzia. Aliongea na kuku. Bi Sahani alikuwa akilalamika kwamba masikio yake yamechakaa kabla ya miguu, lakini akichelewa kazini ilikuwa ni kwa sababu amepitia sokoni kumtafutia Chiriku maembe mabichi, maana mkwe alikuwa na mimba, na mjukuu wa kwanza si jambo dogo.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika, lakini nitasema.

Mganga mkuu wa hospitali alikuwa anastaafu. Ikaundwa kamati ya sherehe, na mnajua kamati za sherehe zilivyo: watu ambao hawajawahi kuonekana kazini mapema wakaanza kuonekana alfajiri. Fedha ya nyama ikapungua, haijulikani ilikokwenda. Kamati ikaja maabara na maneno matamu. Mama, tumekupangia kiti meza kuu. Mama, wewe ndiye utakayesoma risala. Mama, yule kondoo amezeeka, tutakuletea mwingine kijana, wiki ijayo tu.

Mwenzake wa maabara, mtu mzima mpole aliyeitwa Lenzi kwa sababu ya kufuta lenzi za hadubini hata zilipokuwa safi, alisimama. "Dada, usikubali. Kondoo mwingine hatakuja."

Bi Sahani angeweza kukataa. Hakuna mtu hospitalini ambaye angethubutu kumgusa Mfadhili bila ruhusa yake. Lakini alikuwa amechoka kuzoa kinyesi kila Jumapili, na miaka yote ile hakuna aliyewahi kumweka meza kuu. Kusifiwa kutamu, jamani. Akasema, "Mchukueni. Ila huyo mwingine nimwone wiki ijayo."

Wakamchukua. Risala ikasomwa, makofi yakapigwa. Lenzi alinuna mpaka nyama ilipoiva, kisha naye akala. Bi Sahani alikula, akaomba afungiwe ini apeleke nyumbani kwa mkwewe, maana ini linaongeza damu na mjamzito anahitaji damu. Chiriku alilila lote, akalamba na vidole. "Mama, kumbe Mfadhili alikuwa mtamu hivi, nasi tunamwacha akitolewa damu tu!" Akageukia tumbo lake. "Na wewe humo ndani sema asante kwa Mfadhili." Walicheka mpaka seremala akapaliwa.

Wiki ijayo ikaja, ikapita. Kondoo hakuja. Ahadi ni deni kwa wenye haya, na kamati ilikwishavunjika, kila mwanakamati anamwelekezea mwenziwe kidole. Mganga mkuu mpya alisema suala la kondoo halimo kwenye bajeti. Bi Sahani akaanza kuchukua damu iliyoisha muda benki ya damu na kuitia kwenye uji wake. Sahani zilipendeza, nyekundu vilevile. Mtu asiyejua asingeona tofauti.

"Tuwaambie madaktari," Lenzi akasema. "Tuandike kwenye kila jibu kwamba sahani si za kuaminika mpaka tupate kondoo."

"Tukiandika hivyo watauliza kondoo yuko wapi."

"Si wanajua? Wote walikula."

"Walikula, lakini aliyesema mchukueni ni mimi," akajibu Bi Sahani, na akamgeuzia mgongo. Ukali nao ni nguo ya kufichia mambo, na siku hiyo aliivaa mpaka shingoni.

Chiriku akajifungua mtoto wa kike, salama, mwenye nywele nyingi na sauti ya kumrithi mama yake. Furaha ilikuwa kubwa. Bi Sahani alipita wodi ya wazazi kila alipopata upenyo, akiwa na koti lake jeupe, akiwaonyesha wauguzi mjukuu kana kwamba wao hawakuwepo alipozaliwa. Kisha Chiriku akapata homa. Tumbo likamuuma chini ya kitovu. Akasema anasikia baridi, na jua lilikuwa kali.

Daktari wa wodi alikuwa mwanamke makini, si wa kukurupuka. Akamvuta Bi Sahani pembeni. "Mama, ninaogopa kizazi. Kama ni kile kijidudu chenu cha duara, ningemchoma penisilini sasa hivi. Lakini mkweo ananiambia alipokuwa mdogo sindano hiyo ilimvimbisha uso akakaribia kukata pumzi. Ile dawa ya badala hatuna hapa, lazima nimwombe mtu aitafute mjini, na ni kali, inadhuru hata maziwa ya mtoto. Sitaki kumpa kwa kubahatisha. Nakuchukulia majimaji. Nipe jibu, nitafanya kama jibu linavyosema."

Maisha ya Chiriku yakawekwa juu ya kisahani. Bi Sahani alilisikia hilo vizuri.

Wahenga wanasema mganga hajigangi. Angemwachia Lenzi. Hakumwachia, angewezaje, naye ndiye Bi Sahani? Alikichukua mwenyewe kile kijiti chenye pamba iliyolowa majimaji ya Chiriku, akakipaka kwenye sahani kwa kitanzi cha waya, mistari imenyooka kama ya mwanafunzi anayejua anatazamwa. Kisahani kilipoingia kabatini, Lenzi akasema, "Dada, mwambie daktari kuhusu damu."

"Nitamwambia kama hakitaota kitu."

Asubuhi kilikuwa kimeota. Vituta vidogo vya kijivu, vimekaa kwa adabu. Alikiinua kisahani kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakiinamisha. Duara hakuna. Akachukua kidogo, akapaka kwenye kioo, akatia rangi ya zambarau, akaosha, akatazama kwa hadubini: vitone vidogo vimeshikana kama minyororo. Vya namna hiyo huwa pia kwenye mwili wa mwanamke mzima asiye na shida yoyote. Jibu lilikuwa kwenye duara, na duara hakuna.

Niseme ukweli, moyo wake ulisita. Alisimama pale dirishani muda, kisahani mkononi, akijua kinachopasa kusemwa: *sahani hii haifai, usinisikilize, tafuta ile dawa.* Ni maneno machache. Lakini nyuma yake kuna swali la kondoo, na kuna meza kuu, na kuna miaka yote ya kuwa mtu ambaye jibu lake ni jibu. Tena alitaka liwe kweli. Hilo ndilo baya kuliko yote: alitaka mno Chiriku awe mzima, na macho yanayotaka kitu huona kile kitu.

Akaenda wodini. "Ni vijidudu vya kawaida, daktari. Duara hakuna."

"Una hakika, mama?"

"Maziwa yanaingia. Ni homa ya maziwa. Mkandeni, mumruhusu aende nyumbani."

Daktari akashusha pumzi. Chiriku, macho yamemng'aa kwa homa, akacheka kitandani. "Si niliwaambia? Mama akishasema, kijidudu chenyewe kinaomba radhi."

Walimpeleka nyumbani. Bi Sahani alimkanda mwenyewe kwa maji ya moto, akamnywesha uji. Jioni Chiriku aliongea, ingawa maneno yalikuwa yakimkatika. Kesho yake alikuwa kimya. Seremala alirudi kutoka karakana na vumbi la mbao kwenye nyusi, akakuta nyumba haina sauti ila ya mtoto anayelia, mkewe amemtazama tu bila kumnyanyua. "Mama," akaita. "Mama, njoo. Chiriku hasemi."

Bi Sahani alipomgusa tumbo, mkwe akaguna. Lilikuwa gumu kama ubao. Vidole vya mikono vilikuwa baridi, na homa imejaa kichwani. Wakambeba mpaka hospitali. Daktari alimtazama mara moja tu, hakuuliza kipimo chochote. Akamtuma dereva akaitafute ile dawa mjini, akamwekea maji, akachukua damu kwa ajili ya maabara, na akamtazama Bi Sahani kwa namna ambayo mama hakuweza kuibeba.

Sijui wengine wangefanya nini. Bi Sahani alitoka pale akaenda maabara, akachukua chupa yenye shanga za kioo, akatembea mpaka machinjioni. Alipita katikati ya mizoga na vichwa, koti lake jeupe likishika damu pindoni. Wachinjaji walimjua. "Mama, leo umekuja kununua utumbo?" mmoja akamtania. Alisubiri mpaka kondoo mmoja akachinjwa, akakinga chupa shingoni, akaanza kuitikisa palepale, akaitikisa njia nzima ya kurudi, watu wakimpisha. Lenzi alikuwa ameshachemsha uji wa mwani bila kuambiwa. Wakamimina sahani, zikaganda, na mama akachukua kile kisahani cha zamani, akachota vituta vya kijivu kwa kitanzi cha waya, akavipaka kwenye sahani mpya.

Dawa ilifika jioni, wakaitundika. Seremala alikaa chini kwenye sakafu ya varanda, mtoto mapajani. Muuguzi alimwambia aende akalale, naye akasema atalala mkewe akiongea.

Asubuhi Bi Sahani akafungua kabati la joto. Hakuhitaji kukipeleka kisahani dirishani. Kila kituta kilikuwa na duara lake, pana, angavu. Aliweka kidole upande wa pili, akakiona. Lenzi alikuwa mezani kwenye hadubini, anaitazama damu ya Chiriku. Akainua kichwa. "Minyororo," akasema. "Imejaa, dada. Na kwenye damu hakuna vya kawaida."

Alikwenda wodini na kile kisahani mkononi. Kwa nini alikibeba hajui hata yeye. Labda mkono ulizoea kupeleka majibu. Alikuta pazia limevutwa. Daktari alitoka nyuma ya pazia, akaona sahani, akaona duara, akaufunika mdomo wake kwa mkono.

Chiriku alikuwa amefariki kabla kabati halijafunguliwa.

Maziko yakapita, na waombolezaji wakasema yote yanayosemwa. Wapo walionong'ona majuto ni mjukuu. Msinitajie methali hiyo. Mjukuu alikuwepo, amelala mapajani mwa bibi yake, hana kosa lolote, anatafuta titi kwenye kifua kikavu.

Lenzi alikwenda kwa daktari akaeleza habari ya damu na kondoo. Wakubwa wakaitana, wakakaa, wakasema ni bahati mbaya. Kila aliyekaa kwenye kikao kile alikuwa amekula nyama ile. Upesi upesi fedha ikapatikana, na bandani akaletwa kondoo kijana mwenye sauti nyembamba. Bi Sahani hakuadhibiwa. Ingekuwa nafuu kwake kama angeadhibiwa.

Jumapili moja, watu wameshaisha nyumbani, alikuwa jikoni anamchemshia mtoto maziwa. Seremala aliingia, akakaa kwenye kigoda cha mkewe. Tangu maziko alikuwa hajamuuliza mama yake kitu. Mikono yake ilikuwa mikubwa, imelegea magotini.

"Mama. Ulimpima wewe mwenyewe?"

"Nilimpima mimi."

"Na hukukiona."

"Sikukiona. Sahani zilikuwa mbovu." Aliweka sufuria chini. "Na nilijua kuwa ni mbovu, mwanangu. Sikusema."

"Kwa nini zilikuwa mbovu?"

"Hazikuwa na damu ya kondoo."

Banda aliligonga yeye. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliyatazama maziwa mpaka yakaanza kuota utando, kisha akasema polepole, "Lile ini."

"Ndiyo. Lile ini."

"Alilamba vidole."

"Alilamba."

Mtoto alianza kulia chumbani. Hakuna aliyeinuka. Seremala alimtazama mama yake usoni, na haikuwa hasira iliyokuwa machoni mwake, afadhali ingekuwa hasira. Alitaka kujua tu, kama mtu aliyekuja dirishani kuchukua jibu.

"Na wewe kule kwenye sherehe, ulikula?"

"Nilikula."

"Ilikuwa tamu?"

Bi Sahani alikamata ukingo wa meza. Maisha yake yote hakuwahi kumpunguzia mtu jibu, isipokuwa mara moja.

"Ilikuwa tamu, baba," akasema.